Sufuria ya Meza ya Bwana

Jirani yangu hapa mjini Baraka ameanza kuchemsha maua mekundu ya ngai-ngai. Maji yake anayapoza, anayatia kwenye chupa ndogo na kuwauzia wanafunzi wanaotoka shule. Ni biashara nzuri na simlaumu. Lakini kila anapofunua sufuria yake, ule uchachu unapita juu ya ukuta wa matofali, unanifikia nilipokaa, nami nasahau nilichokuwa nakifanya. Narudi kuwa mtoto mwenye magoti yaliyojaa vumbi, nimechuchumaa katika jiko la mama siku ya Jumamosi nikisubiri kijiko cha kulamba. Kisha nakumbuka yaliyobaki, na kijiko kinanitoka mdomoni. Mniwie radhi nikienda polepole, maana jambo hili sijawahi kulisimulia lote mara moja.

Papa, baba yangu, alikuwa mchungaji wa kanisa dogo karibu na ziwa. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na paa letu lilikuwa la mabati matupu, kiasi kwamba mvua ikinyesha mahubiri yalisimama mpaka ipite. Sisi watoto tuliiomba sana hiyo mvua. Divai hatukuwa nayo, na hata ingekuwepo wazee wa kanisa wasingeikubali, kwa hiyo Meza ya Bwana ilipokaribia, kinywaji kilichemshwa nyumbani kwetu. Mama ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Watu walimwita Mama Maombi kwa sababu mimi, mtoto wake wa kwanza, naitwa Maombi, ila wageni walidhani ni kwa ajili ya kusali sana, naye hakuwasahihisha.

Maua aliyaanika kwenye ungo mpaka yakawa meusi kidogo pembeni. Alikuwa na sufuria moja nzito, yenye mfuniko uliobonyea, ambayo haikupikiwa maharage wala samaki. Ilikaa imepinduliwa juu ya kabati, na ole wake aliyeigusa. Tena ilikuwa na sheria yake, ambayo mama aliipokea kwa bibi, naye bibi aliipokea kwa mama aliyefanya kazi hiyo kabla yake: mwenye neno moyoni juu ya mtu haiweki motoni. Anakwenda kwanza kwa yule mtu, wanazungumza, wanapatana, ndipo anawasha kuni.

Basi Ijumaa ya kabla ya Meza, mama alijitanda kitenge na kuanza safari zake za kupatana. Nilipenda kufuatana naye kwa sababu katika nyumba nyingine tulipewa karanga. Mara moja alikwenda kumwomba radhi mama mmoja ambaye hata hakujua kwamba wamegombana, na katika kumweleza ugomvi wenyewe wakagombana kwelikweli. Ilibidi arudi tena jioni. Papa alicheka mpaka akafuta miwani yake.

Katika nyumba yetu aliishi pia mdogo wake mama, mama mdogo Riziki. Hakuwa ameolewa bado. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene iliyobeba kwaya nzima, na ndiye aliyepiga ile rimu ya lori Jumapili asubuhi, kwa nguvu ambazo papa alisema zinatosha kuamsha watu wa Kazimia, mbali huko kusini. Nywele zangu alizisuka yeye. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa alinikatia vichwa vyote kwenye sahani yangu akisema ndiko akili iliko, kumbe yeye mwenyewe havipendi. Nilimpenda kuliko watu wote, na ninasema hivyo hata mama akiwa ananisikia huko aliko.

Wakati ule watu wenye bunduki walikuwa wakishuka na kupanda milimani, leo kundi hili, kesho lile. Lakini muhogo ulikuwa huko juu, na watu lazima wale. Wanawake walikwenda mashambani kwa kundi, wakiamini kwamba wengi hawaguswi. Siku moja walikwenda hivyo, mama mdogo Riziki na wenzake, akiwemo Mama Safi, rafiki mkubwa wa mama na mke wa Mzee Simeoni, mkubwa wa wazee wa kanisa letu. Jioni wenzake walirudi mmoja mmoja, bila vikapu. Walisema walisikia watu porini wakakimbia, hawakuona kitu. Riziki hakuwa pamoja nao.

Alirudi kesho yake mchana, amevaa kitenge kisichokuwa chake. Hakusalimia mtu. Alipita uani, akashuka ziwani, akaingia majini na nguo zake, akakaa humo muda mrefu mno. Mama alisimama ukingoni ameshika taulo, hakumwita. Mimi nilitaka kujua kikapu chetu kiko wapi, maana kilikuwa kipya, na mama akanikata jicho ambalo sikulielewa.

Baada ya miezi kadhaa tumbo lake likaonekana. Nilipouliza, niliambiwa ni bugali, ugali wetu, nami kwa muda fulani nikawa nala kidogo kwa tahadhari. Kanisani akaacha kuimba na kupiga kengele. Akahamia benchi la mwisho, lililo karibu na mlango.

Benchi hilo lazima niwaeleze. Aliyeanguka dhambini alikaa hapo. Hakuimba, hakuomba kwa sauti, na mkate na kikombe havikumfikia. Mtoto wake hakubarikiwa. Siku akitaka kurudi, alisimama mbele ya kanisa lote, akaitaja dhambi yake, akaomba radhi, ndipo mzee wa kanisa akampa mkono na kumrudisha kwenye benchi za mbele. Nimeona watu wakirudi hivyo wakilia kwa furaha, na wake zao wakipiga vigelegele. Sisemi kwamba ilikuwa desturi mbaya kwa kila mtu. Na msichana mwenye mimba bila mume alikwenda mlangoni bila kuulizwa, kwa sababu hapakuwa na sheria nyingine ya msichana mwenye mimba bila mume.

Nikamfuata. Watu walisema mtoto wa mchungaji ana huruma, na mama mmoja akanipa andazi kwa ajili hiyo. Ukweli ni kwamba pale mlangoni palikuwa na upepo wa ziwa na niliweza kuangalia mbuzi. Riziki alinishika mkono wakati wote wa ibada, na kiganja chake kilikuwa na jasho hata upepo ukivuma.

Meza ya Bwana ilipokaribia, wazee walikuja nyumbani Ijumaa mchana kuonana na Riziki. Mimi nilikuwa na malaria, nimelazwa kitandani kwa mama nyuma ya pazia, kwa hiyo yote niliyasikia. Jikoni, upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa na Mama Safi, aliyekuja kusugua kwa majivu vile vikombe vya bati vya Meza. Hiyo ilikuwa kazi yake.

Mzee Simeoni hakuwa mtu mkali. Alikuwa na nyavu zake ziwani, na mvuvi wake akipata samaki wazuri wa mikebuka, mmoja aliletwa kwetu. Tangu Riziki ahamie mlangoni waliletwa wawili. Alikohoa kama alivyokohoa siku zote kabla ya kusema.

"Binti yangu, siye hatukuchukie," alisema. "Lakini bamama benye ulienda nabo banasema habakuona kitu. Utuletee muntu moja tu mwenye aliona kama balikukamata kwa nguvu. Akisema, hatutakuomba toba. Kama hapana, simama kanisani siku ya Yenga, sema maneno mafupi, mambo iishe, na mutoto atabarikiwa."

Nikasikia kikombe kikianguka jikoni na kuviringika sakafuni.

"Sitataja jina ya muntu," Riziki akasema.

Mzee akamwambia basi atubu. Alimwambia kwa upole, kama mtu anayemshauri mgonjwa anywe dawa.

"Nitubu nini, mzee? Zambi iko ya benye balinikamata. Muende kubatafuta kule mulimani, mubalete basimame pale mbele."

Hapo papa akaingia kati. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimeizoea hivyo. "Riziki, mi na weye tunajua ukweli. Sema tu ile maneno."

"Shemeji, kama unajua ukweli, juu ya nini unataka niongope mbele ya Mungu?"

Wazee wakaomba, wakaondoka, na Mzee Simeoni akapitia jikoni kumchukua mke wake. Jioni ile mama hakujitanda kitenge. Hakwenda kwa mtu yeyote.

Jumamosi homa ilikuwa imenishuka, nikaamka nikisubiri harufu. Kuni zilikuwepo, maua yalikuwepo kwenye ungo, lakini sufuria ilikuwa imepinduliwa juu ya kabati. Mama alipika muhogo, akafua, akafagia ua hata mahali palipofagiwa. Kila papa alipotoka chumbani alitupa jicho kabatini. Jua lilipopanda sana, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama Maombi, sufuria je?"

"Iko pale yake," mama akasema bila kugeuka. "Na weye unajua sheria yake. Niko na neno na bazee. Niko na neno na weye zaidi."

Papa alikaa kwenye kigoda. Nilidhani atasema kitu, na hata leo nikiwaza jambo hili huwa namsubiri aseme. Angeweza kusema, Mama Maombi, umesema kweli, twende kwa Simeoni. Nyumba ya Simeoni haikuwa mbali. Alikaa pale mpaka kuku wakaanza kumdonoa viatu, akainuka, akachukua kofia yake na kwenda dukani. Alirudi na chupa za sukre nyekundu, ile soda ya watoto. Mama aliziangalia, akampangia mezani vizuri, akarudi kufua.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili ile kanisa letu lilikumbuka damu ya Bwana kwa sukre ya dukani. Watoto tuliona ni baraka kubwa. Wavulana wakubwa, waliokuwa wamebatizwa, walikunywa wakabana midomo wasicheke, na mzee mmoja akapiga mbweu ambayo ilisikika mpaka mlangoni.

Lakini kabla ya hapo, papa alipofunua meza na kuwaita walio na amani na Mungu, mama aliinuka kutoka benchi la mbele, mahali pa mke wa mchungaji. Kila mtu alidhani anakwenda kumsaidia kitu mezani. Akageuka, akashuka katikati ya kanisa, taratibu. Alipofika kwa Mama Safi alimshika bega kidogo, nikadhani anamwomba nafasi ya kupita, ingawa nafasi ilikuwepo. Akaendelea mpaka kwetu. Riziki akasogea, na mama akakaa kati yake na mlango.

Hakuna mwingine aliyeinuka. Papa alishika kikombe, akasoma maneno yote bila kuruka hata moja. Mama Safi alipokunywa alianza kukohoa na machozi yakamtoka, na mimi nikadhani sukre imempanda puani, kwa sababu ndivyo ilivyonifanya mimi siku ya Noeli.

Riziki alizaa msichana, akamwita Bora. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye masikio madogo. Papa alitaka kumbariki pale nyumbani, bila wazee, mlango ukiwa umefungwa. Alikuja na Biblia yake na maji ya kunawa mikono, akiwa na haya kama mkwe. Riziki alimsikiliza mpaka mwisho. "Shemeji, ile baraka ya siri Mungu alishamupa," akasema, na kumpa mtoto titi.

Hakukaa sana baada ya hapo. Shangazi yao aliishi Ubwari, katika kijiji cha wavuvi ambako mtu hafiki ila kwa boti, na alikubali kumpokea. Tulimsindikiza asubuhi. Ufukweni palikuwa na harufu ya ndagala waliotandazwa mchangani na ya mafuta ya injini, na wachukuzi waliwabeba abiria mgongoni wasilowe. Riziki alikataa kubebwa. Aliingia majini mwenyewe, Bora akiwa juu ya bega lake. Nililia, nikasema nitakaa na nani sasa kanisani. Alinirudia, amelowa mpaka magotini, akainama.

"Usikae mulangoni tena," akaniambia. "Utazoea."

Nikarudi mbele. Mama hakurudi. Alikaa kwenye benchi la mwisho miaka yote papa alipokuwa mchungaji, mke wa mchungaji mlangoni, na wageni walipouliza waliambiwa anapenda upepo. Alimpikia papa kila alichokipenda, sombe ya majani ya muhogo, samaki, chai ya tangawizi. Walicheka pamoja mambo mengine. Sufuria ile hakuigusa, na kanisa likaendelea na sukre mpaka watoto waliozaliwa nyuma yangu wakadhani Bwana Yesu mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Mama mdogo Riziki alikufa Ubwari nikiwa nimeshaolewa. Ilikuwa maradhi ya tumbo, na dawa zilikuwa ng'ambo ya maji. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa. Papa alijifungia, na alipotoka alikuwa mzee. Siku zake za mwisho nilipokuwa nikimlisha uji, alisukuma kijiko akasema, "Nilizani nalinda kanisa." Nilisubiri aendelee. Akaomba maji.

Kisha tukamzika mama, mwaka uliopita. Kwenye matanga alikuja Mama Safi, amekuwa kibibi, anatembelea fimbo. Mzee Simeoni alikuwa ametangulia zamani. Mama Safi alikaa nami kwenye mkeka mchana kutwa, na watu walipopungua akanishika mkono.

"Balitukamata siye wawili, miye na Riziki," alisema. "Miye baliniacha magaribi ya ile siku. Yeye alibakia. Nilirudia ku nyumba, nikasema sikuona kitu. Ile siku bwana yangu anamuuliza jina, miye niko jikoni nasugua vikombe. Alikuwa anaweza kusema neno moja tu."

Nikamuuliza kama mama alijua. Aliniambia hawakuwahi kulizungumza, wala siku moja. "Lakini ile Yenga ya sukre alinigusa hapa," akasema, na kuweka mkono wake juu ya bega lake mwenyewe, mahali palepale nilipouona mkono wa mama. Akalia, nami nikalia naye. Mzee Simeoni angemfukuza, alisema, au asingemfukuza, hakuwahi kujua, na watoto wake walikuwa wadogo. Simhukumu. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini.

Ninafundisha shule ya Jumapili sasa, na ninapofika kwenye somo la toba ulimi unakuwa mzito. Tulimdai toba yule aliyekuwa karibu, kwa sababu wenye dhambi walikuwa mbali na wana bunduki. Tulimtaka alete shahidi, na shahidi tulikuwa tumemwogopesha sisi wenyewe kwa lile benchi. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua jambo lote, akalibeba mpaka Ubwari ili nyumba ya mtu isivunjike. Miaka yote hiyo nilimwonea huruma. Leo nadhani ibada yetu nzima, mkate na kikombe na yote, ilikuwa ikieleza mtu wa namna hiyo, naye amekaa mlangoni.

Na bado wasichana wanashuka kutoka milimani na vitenge visivyo vyao. Benchi bado lipo. Limepakwa rangi.

Hivi karibuni mchungaji wa sasa, kijana mwenye moyo mzuri, alinitembelea. Alikuwa amesikia kwamba zamani kanisa lilikuwa na kinywaji chake, akaona ni vizuri kurudisha desturi. Aliniuliza kama sufuria ya mama ipo. Ipo. Niliitoa juu ya kabati nikamwekea mikononi, akaugeuza ule mfuniko uliobonyea, akatabasamu.

Nikamweleza sheria yake. Nikamwambia kwamba mimi nina neno na kanisa, na kwamba Riziki hayupo tena wa kuendewa, lakini Bora yupo. Anauza samaki Ubwari, ana watoto, na masikio yake bado ni madogo. Haingii kanisa lolote. Kanisa liende kwake, liseme mbele yake kosa la kanisa lenyewe kwa jina, kama lilivyotaka mama yake aseme. Siku watakaporudi, nitawasha kuni.

Alirudisha sufuria kabatini kwa uangalifu, akaipindua kama alivyoikuta. Alisema atawauliza wazee. Maboti ya Ubwari yanaondoka asubuhi, nami huwa nachungulia ufukweni ninapokwenda kununua ndagala. Bado sijamwona mchungaji akipanda.